Nyuzi nyeupe kwenye mizizi ya muhogo: upige dawa, ununue unga wa dukani, au uache?

Dada mmoja wa Mkuranga kaniandikia swali refu, ngoja nilifupishe ili na wengine mfuate. Ana eka moja na nusu ya muhogo, mbegu ni Kiroba, udongo wa mchanga kama mashamba mengi ya kule Pwani. Kona moja ya shamba palikuwa na mwembe mkubwa, ukakatwa mwaka juzi kisiki kikabaki ardhini, na mashina ya muhogo yaliyo karibu na hicho kisiki yananyauka, akiyang'oa anakuta nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye mizizi na mihogo mingine imeoza. Upande mwingine kuna robo eka aliyokuwa akilima mchicha wa kupeleka Dar, msimu kwa msimu bila kupumzisha, na sasa muhogo aliopanda hapo umedumaa, majani madogo na hayana afya. Katikati ya shamba, udongo ni uleule, muhogo uko vizuri kabisa na hajaweka mbolea yoyote. Jirani anamwambia anunue dawa ya ukungu amwagie shamba zima. Duka la pembejeo wanamwambia asithubutu, anunue unga wa "fangasi wa mizizi" aweke kila shimo. Yeye anauliza, fangasi ni adui au rafiki, na hela yake aipeleke wapi?

Dada, pole na shamba. Kwa sasa hela yako ibaki mfukoni, usimwage dawa na usinunue unga. Ulichonacho ni matatizo mawili tofauti. Kwenye kisiki kuna fangasi ambaye hatakiwi kuwepo, na kwenye lile eneo la mchicha nahisi kuna fangasi ambao wanatakiwa kuwepo ila wamepungua. Ukimwaga dawa shamba lote, yule wa kisiki hutamfikia kwa sababu kajificha ndani ya mti, na wale wa muhogo ndo utakuwa umewamaliza.

Tuanze na kisiki maana hicho kina haraka.

Nyuzi unazoziona kwa macho, nyeupe, zimejikusanya kama kamba nyembamba zinatambaa juu ya mzizi, hizo mara nyingi ni za fangasi wanaokula mbao. Udongoni wamejaa na wengi hawana neno lolote, ndo wanaoozesha majani, mabua na samadi, ukifunua matandazo yenye unyevu utawakuta wameweka utando mweupe, hao waache wafanye kazi yao. Shida ni wachache ambao wakimaliza kula kisiki wanaendelea na mzizi ulio hai. Kwenye muhogo yupo mmoja anaitwa Rigidoporus, ni fangasi uleule anayesumbua sana mashamba ya mpira, na kawaida yake ni kutokea kwenye mashamba yaliyofunguliwa kutoka pori au yenye mabaki ya miti mikubwa chini. Anaanzia kwenye mbao, anatuma nyuzi zake kufuata mizizi, anaufikia muhogo, anaufunika, halafu anaingia ndani. Muhogo wa hivyo ukiupasua unakuta umekauka umekuwa kama umekufa ndani na unanuka harufu ya mti uliooza.

Kwa hiyo nenda pale na panga ufanye hivi. Chukua muhogo wenye nyuzi, upanguse kwa kidole. Kama utando unatoka na ganda chini yake ni gumu, zima, basi hao ni wala uchafu tu na mhogo wako hauna tatizo. Kama nyuzi zimeshika, ukikwangua ganda unakuta nyuzi zipo mpaka chini ya gome na nyama imebadilika rangi, hapo huyo ndiye. Halafu zifuate nyuzi zinakotoka, fukua polepole, kama zinakupeleka kwenye mzizi wa mwembe basi hata mimi sina haja ya kuja kuona. Ila angalia na mambo mawili usije ukachanganya. Kama muhogo umeoza ukawa majimaji na unanuka vikali, na hapo mahali maji huwa yanatuama mvua ikikaza, hilo ni tatizo la maji kusimama na vimelea vyake ni vingine, dawa yake ni kupanda kwenye matuta na kuvuna mapema. Na kama muhogo kwa nje ni mzuri hauna nyuzi yoyote lakini ukiukata ndani una madoa ya kahawia makavu magumu, huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ni virusi, fangasi hawahusiki kabisa na udongo hauhusiki, unabebwa na inzi weupe na mbegu ulizopanda.

Kama ni huyo wa kisiki, chimba kisiki chote utoe pamoja na mizizi, yote yenye unene wa kidole gumba kwenda juu, ing'oe, ipeleke nje ya shamba ukaichome. Shimo liache wazi lipigwe jua. Mashina ya muhogo yaliyougua yang'oe na mizizi yake yote, na usichukue mbegu kutoka hapo. Kwenye hiyo kona usirudishe muhogo wala usipande mti wowote kwa misimu kadhaa, weka mahindi au mtama. Huyu fangasi bila mbao hana chakula, nguvu zake zote zinatoka kwenye kile kisiki, ukimtolea hicho anaisha. Ndo maana dawa ya kumwaga juu haimsaidii mtu, hata ukimwaga lita ngapi, yeye yuko katikati ya mti na dawa inaishia kwenye mchanga, na kwenye mchanga wa Pwani inashuka chini kirahisi, kama una kisima karibu ujue unakunywa.

Na kama unao mti mwingine mkubwa unaotaka kuuondoa siku za mbele, usiukate kwanza. Wakulima wa chai walilijua hili zamani, miaka ya 1930 kule Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mimea, R. Leach, alionesha kwamba mti ukibabuliwa gome kuzunguka shina na kuachwa ufe wenyewe umesimama, mizizi yake inatumia wanga wote uliohifadhiwa, ikija kufa inakuwa haina chakula cha kumvutia yule fangasi wa kuozesha mizizi ya chai anayeitwa Armillaria. Mti unaokatwa ghafla ukiwa mzima unaacha ghala zima la wanga chini ya ardhi. Mpaka leo kwenye chai wanafundishwa kubabua kabla ya kuangusha, na wewe na miembe yako fanya hivyohivyo.

Sasa twende kwenye lile eneo la mchicha, ambapo ndo pana somo kubwa, na ndo swali ambalo wakulima wengi hawaulizi kwa sababu wahusika wenyewe hawaonekani.

Fangasi wanaousaidia muhogo huwezi kuwaona kwa macho. Nyuzi zao zina unene wa mikroni 2 mpaka 10 hivi, na mikroni 1,000 ndo zinafanya milimita moja, kwa hiyo ukichimba muhogo mzuri kabisa wa katikati ya shamba lako utaona mizizi misafi na utadhani hakuna kitu, kumbe wamo ndani ya mizizi midogo na wametapakaa kwenye udongo unaoizunguka, gramu moja tu ya udongo mzuri inaweza kuwa na mita kadhaa za nyuzi zao. Wataalamu wanawaita mikoriza, jina lilitolewa na Mjerumani Albert Frank mwaka 1885. Wenyewe ni wa kale kuliko kilimo, kuliko misitu hata, kule Scotland kuna mawe ya miaka kama milioni 407 ambayo ndani yake mmea umehifadhiwa na fangasi hawa wakiwa tayari wamo kwenye seli zake, na mimea hiyo ilikuwa bado haina hata mizizi ya kueleweka. Leo zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu wanaishi nao. Mahindi, mtama, kunde, mbaazi, njugu, viazi vitamu, migomba, kahawa, mipapai, michungwa, minazi, vyote hivyo vinao.

Kazi yao kubwa ni fosforasi. Fosforasi udongoni haitembei kama naitrojeni, imejishika kwenye chembechembe za udongo, hasa udongo wenye chuma nyingi kama ule mwekundu, na mzizi ukishamaliza iliyopo milimita moja mbili kuuzunguka basi unabaki umekaa kwenye njaa wakati sentimita tano mbele ipo. Ni sawa na kuwa na kamba fupi kwenye kisima kirefu, maji yapo ila ndoo haifiki. Nyuzi za fangasi zinakwenda sentimita kadhaa mbali na mzizi, zinaingia kwenye vitundu ambavyo mzizi hauwezi kupenya, zinachukua fosforasi na zinki kidogo na kuleta mpaka ndani ya seli za mzizi, huko fangasi anajigawa matawi madogomadogo kama kichaka na hapo ndo wanabadilishana. Mmea unalipa kwa sukari na mafuta. Makadirio ya wanasayansi ni kuwa mmea unatoa kati ya asilimia 4 na 20 ya chakula chote unachotengeneza kwenye majani kuwalisha hawa, sio kidogo hata kidogo, mmea usingetoa kiasi hicho kwa kitu kisicho na faida.

Na muhogo, dada, ndo zao ambalo bila hawa ni karibu halijiwezi. Watu wanauita zao la udongo mchovu, wanaona unaota mahali mahindi yameshindwa, wanadhani mzizi wake ndo una nguvu. Mzizi wa muhogo ni mnene, hauna matawi mengi wala vinyweleo vingi, kwa kutafuta chakula peke yake ni mzizi dhaifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Reinhardt Howeler na wenzake walioteshea muhogo kwenye maji yenye virutubisho huko Queensland, Australia, bila udongo na bila fangasi, wakakuta unahitaji fosforasi nyingi mno kuliko mahindi, yaani mahindi yalikuwa yanakua vizuri kwenye kiwango ambacho muhogo ulikuwa unakufa njaa. Halafu kule CIAT, kituo cha utafiti wa kilimo cha Colombia, wakafanya kwenye udongo: udongo ukiuliwa viumbe vyote, muhogo unadumaa unabaki hivyohivyo, ukirudishiwa fangasi unanyanyuka. Kwa hiyo ile sifa ya muhogo ya kuvumilia udongo maskini, sehemu kubwa ni ya fangasi, na mtu anayelima muhogo bila mbolea kama wewe anawategemea hao kwa kila kilo anayovuna.

Hapa kuna kitu kimoja ukikishika vizuri mengine yote yatanyooka. Hawa fangasi hawawezi kuishi bila mzizi ulio hai. Wale wa kisiki wanakula vilivyokufa, hawa hapana, hata mafuta ya mwili wao hawawezi kuyatengeneza wenyewe, mwaka 2017 ndo ilithibitishwa kwamba wanayapata kwenye mmea. Mbegu zao, zile spora, zinaweza kukaa udongoni zimelala muda mrefu kiasi, ila zikichipua zisipokutana na mzizi unaowakubali zinakufa. Na mimea isiyowakubali ipo, sio mingi ila bahati mbaya ndo ileile tunayolima kwa biashara: kabichi, sukuma wiki, chainizi, figili na ndugu zao wote, halafu spinachi na bitiruti, na mchicha nao uko upande huohuo, aidha haupokei kabisa au unapokea kidogo sana.

Umeona sasa? Robo eka yako imekaa misimu mfululizo na mchicha tu, tena mchicha unapaliliwa safi, hakuna hata jani la magugu la kuwalisha, unang'olewa, udongo unatifuliwa, unapandwa tena. Kila msimu spora zimepungua. Halafu ukaja na pingili za muhogo, ambazo zenyewe ni vijiti vikavu visivyo na mzizi wala fangasi, zinaanza kutoka sifuri kwenye udongo usio na wa kuzipokea. Kule Australia kwenye mashamba ya ngano ya Queensland waliwahi kuteseka na kitu kinachofanana na hiki, shamba likiachwa tupu bila mmea kwa zaidi ya mwaka ili kutunza unyevu, zao linalofuata linadumaa kwa kukosa fosforasi na zinki japo udongo unazo, na mwaka 1987 mtafiti J. P. Thompson akaonesha kuwa ni hawa fangasi waliopungua kwa kukosa mizizi.

Lakini sitaki ushike jibu langu kabla hujaangalia mizizi, maana mchicha unaacha na balaa jingine. Ng'oa mashina mawili matatu yaliyodumaa, taratibu, mizizi midogo ibaki. Ukiona imevimba vifundofundo, hao ni minyoo fundo, wanapenda sana mchicha, nyanya na bamia, na wakishajaa kwenye mchanga wanakula kila kitu. Hapo usihangaike na fangasi kwanza, weka samadi ya kutosha iliyooza. Angalia pia majani: kama njano imeanzia majani ya chini na mmea mzima umepauka, hiyo ni naitrojeni imeisha, mchicha unakomba naitrojeni sana na mikoriza hawatakuletea ya kutosha. Muhogo wenye njaa ya fosforasi kwa kawaida haupigi kelele za rangi, unakuwa mfupi tu, shina jembamba, majani madogo, ndo maana watu wanachelewa kujua.

Kama mizizi haina vifundo na mmea ni mfupi tu, basi usiung'oe. Muhogo wa namna hii mara nyingi unateseka miezi miwili mitatu ya mwanzo, halafu fangasi wachache waliobaki wakishaushika mizizi unaanza kukimbia. Wasaidie kwa kupanda kunde katikati ya mistari sasa hivi, kunde zinawapokea vizuri na zinaongeza naitrojeni kwa njia yake nyingine, ile ya rizobia, bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake. Magugu ya kawaida yasiyokaba muhogo usiyafyeke mpaka ardhi ing'ae. Msimu ujao kabla ya kurudisha muhogo pitisha mtama au mahindi na kunde. Na wakati wa kupanda pingili mpya fanya kitu ambacho hakina gharama: nenda katikati ya shamba kwenye muhogo mzuri, chota udongo wa kina cha sentimita 5 mpaka 20 pamoja na mizizi midogomidogo, weka konzi moja kwenye kila shimo chini ya pingili. Ndani ya hiyo konzi mna spora, mna nyuzi na vipande vya mizizi vyenye fangasi ambao tayari wanaujua mchanga wako, joto lake na ukame wake. Chukua kwenye shamba lako tu, na usichukue hata kidogo upande wa kisiki, wala kwenye mimea yenye vifundo, maana udongo unabeba vyote, vizuri na vibaya.

Watu wa Mafinga na Makete wanaopanda paini hawatashangaa nikisema hivi. Miti ya paini ilipoletwa nchi nyingi za joto iligoma kukua, miche inakuwa ya njano inakufa, mpaka walipochanganya kwenye kitalu udongo kutoka chini ya paini wakubwa. Fangasi wa paini ni wa kundi jingine, wanatoa hadi uyoga, na huku kwetu hawakuwepo kwa hiyo ililazimu waletwe. Kwa muhogo na mahindi hali ni tofauti, wenyeji wapo tayari karibu kila shamba la Afrika, na hapa ndo naingia kwenye ule unga wa dukani.

Kwanza muulize muuzaji ndani kuna fangasi gani, asome jina kwenye pakti. Zikiwa ni Trichoderma, huyo ni mwingine kabisa, anakua kirahisi kwenye mchele au mtama uliochemshwa, kazi yake ni kupigana na fangasi wa magonjwa hasa kwenye vitalu, anafaa kwenye miche ya nyanya au hoho inayokatika shingo, lakini hakuletei fosforasi. Zikiwa ni Rhizophagus, Glomus, Funneliformis, Claroideoglomus, hapo ndo mikoriza wenyewe. Kumbuka nilichosema, hawaishi bila mzizi ulio hai, kwa hiyo kiwandani inabidi waoteshwe pamoja na mimea au mizizi ya karoti inayokuzwa maabara, ni kazi ya gharama na inayohitaji usafi mkubwa. Pakti nzuri itaandika idadi ya vichipukizi hai kwa gramu, yaani spora, nyuzi na vipande vya mizizi vinavyoweza kuota, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa kutumika na jinsi ya kutunza. Pakti iliyokaa juu ya rafu chini ya bati Mkuranga mwezi wa pili, hata kama ilitoka kiwandani ikiwa hai, sijui kama imebaki na kitu. Uliza pia usajili, kwa Tanzania vitu vya mbolea vinapita TFRA na viuatilifu vinapita TPHPA, kama hamna namba usichukue.

Sisemi kwamba haifanyi kazi kabisa. Mwaka 2013 ulitoka utafiti wa Colombia ambapo muhogo shambani uliwekewa Rhizophagus aliyekuzwa maabara na mavuno yakapanda, tena kwa mbolea ya fosforasi pungufu. Hiyo ni habari nzuri na inanipa moyo. Ila kuanzia 2009 kulikuwa na mradi unaitwa COMPRO, ulipima bidhaa za namna hii zaidi ya mia moja Ethiopia, Kenya na Nigeria, na sehemu kubwa hazikuonesha faida, zilizosimama imara zilikuwa rizobia za soya. Mkulima mdogo ndo anayebeba hasara ya pakti iliyokufa, na hilo linaniuma, kwa sababu ni hela ya ada ya mtoto inaenda kwenye unga. Mahali ambapo ningekuambia nunua bila kusita ni kitalu kinachotumia udongo uliochemshwa au kupikwa, au migomba ya maabara inayotoka kwenye chupa haina hata kiumbe kimoja kwenye mizizi, hiyo ikipewa fangasi mapema ikiwa bado kwenye viriba inapata mwanzo mzuri kabla haijafika shambani. Shamba la muhogo ambalo nusu yake imestawi bila mbolea halina sababu ya kuagiza fangasi kutoka mbali.

Kuhusu dawa ya ukungu, siku ukilazimika kutumia kwenye zao jingine angalia kiambata. Kabendazimu (carbendazim) na ndugu zake inawaumiza mikoriza vibaya, watafiti wenyewe wakitaka shamba lisilo na mikoriza ndo kundi hilo wanalolitumia. Metalaksili haiwagusi sana kwa sababu inalenga vimelea ambavyo sio fangasi halisi. Na mbolea nayo ina kipimo chake, ukiujaza udongo fosforasi kwa DAP nyingi mmea unaacha kuwalipa fangasi maana hauwahitaji. Kidogo inafaa. Kama udongo wako una uchachu, fosfeti ya Minjingu inayoyeyuka polepole inapatana nao vizuri zaidi, ila pima kwanza, peleka sampuli kituo cha utafiti cha TARI Mlingano au chuo cha kilimo SUA, ni kipimo cha kawaida.

Kuna jambo moja nalisema kwa ajili ya wenye mahindi na mtama waliokuwa wanasoma wakingoja zamu yao, hasa wa Handeni, Dodoma na kanda ya Ziwa mnaosumbuliwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mzizi ukiwa na njaa ya fosforasi unatoa kemikali udongoni za kuwaita fangasi, zinaitwa strigolaktoni. Zilianza kujulikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba kama kitu kinachoamsha mbegu za kiduha, na miaka yote hiyo hakuna aliyeelewa kwa nini mmea umwite adui yake, mpaka 2005 Wajapani wakiongozwa na Kohki Akiyama wakagundua kwamba wito ule ni wa fangasi, wakiusikia nyuzi zao zinachanua matawi kutafuta mzizi. Kiduha kajifunza kuusikiliza. Kwa hiyo shamba lenye njaa linaita kwa nguvu zaidi na kiduha kinaamka kwa wingi zaidi, ndo maana ukiona kiduha kimezidi, rutuba imeshuka, na kung'oa peke yake hakutoshi. Samadi, fosforasi kidogo, na kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi kama walivyofanya watafiti wa icipe kule Mbita, Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambapo mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha halafu zinakufa bila kupata mwenyeji, hiyo imewasaidia wengi.

Nirudi kwako dada. Najua muuzaji hatakuacha, na pengine na wewe moyo haujatulia, basi kama utanunua nunua pakti moja ndogo kabisa na uijaribu kwa haki. Igawe mara mbili. Nusu moja iweke kwenye chombo kilichofunikwa uipike kwa mvuke saa moja, ipoe, uirudie tena kesho yake, hiyo imekufa. Kwenye lile eneo la mchicha weka mistari mitano ya unga hai, mitano ya unga uliopikwa, mitano ya konzi ya udongo wa katikati ya shamba, na mitano isiyo na kitu, uichanganye isikae upande mmoja wote, na uweke vijiti vya alama. Ule uliopikwa ndo wa muhimu, kwa sababu pakti nyingi huchanganywa na virutubisho, muhogo unaweza kupendeza kwa mbolea iliyomo na watu wakasifu fangasi. Panda pingili zinazolingana, siku moja, kutoka mashina mazima. Ukivuna miezi 9 mpaka 12, pima kila mstari peke yake kwa mizani ileile, andika kilo, na uangalie na idadi ya mashina yaliyokufa. Nitumie hizo namba zote hata kama hazijapendeza, na picha ya mizizi ya kona ya kisiki nitumie wiki hii kabla mvua haijaanza.